Jiwe Halina Hatia

Nje ya mashine moja ya kusaga unga hapa Kisumu Ndogo (ya Kibera, si ile ya Korogocho) kuna jiwe pana ambalo nimelikalia miaka mingi nikingoja zamu yangu. Asubuhi jiwe huwa baridi, na hakosi mtu wa kuniambia, "Omera, toka hapo, hiyo baridi itakupatia bawasiri." Ikifika saa nane jua limelipika jiwe lile lile, na mwingine, wakati mwingine ni yule yule wa asubuhi, ananiambia, "Omera, toka hapo, hiyo joto itakupatia bawasiri." Jiwe moja limeshtakiwa kwa makosa mawili yanayopingana, na sijamsikia hata mmoja akiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililothibitishwa.

Nimeamua kulitetea. Nitalitetea pamoja na stuli ya mama mboga, dumu lililopinduliwa likawa kiti, kiti cha bodaboda, pilipili, na wengine wote waliohukumiwa vibarazani bila shahidi. Siwatetei kwa huruma. Kila anayeshtakiwa bure humpa mkosaji wa kweli nafasi ya kutoroka, na mkosaji mkubwa katika kesi hii namjua anakoishi. Yuko mwisho wa kichochoro, ana mlango wa bati wenye kufuli, na kuingia kwake ni shilingi 10.

Tuanze na bawasiri yenyewe, kwa maana uongo mwingi unaanzia kwenye jina. Wengi wanadhani ni kinyama kinachoota mahali palipokuwa tupu, kama uyoga baada ya mvua. Haioti. Kila mmoja wetu, mchungaji na mlevi, bibi harusi na konda wa matatu, amezaliwa akiwa na mito midogo mwishoni mwa utumbo (mito ya kulalia, si ya maji), kwa kawaida mitatu, iliyojaa mishipa ya damu. Kazi yake ni kuziba njia vizuri, ili upepo na majimaji visitoroke ukiwa kanisani. Mpasuaji W. H. F. Thomson alilieleza jambo hili mwaka 1975 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na tangu hapo ndilo linalofundishwa: ugonjwa huanza pale mito hiyo inapovimba, vishikizo vyake vikalegea, ikaanza kuteremka. Kinacholegeza vishikizo ni kujikamua mara kwa mara, choo kigumu, kuharisha kwa muda mrefu, kukaa chooni kupita kiasi, mimba, na umri unaposonga. Ubaridi wa jiwe hauna njia ya kupenya suruali, ngozi na mafuta hadi ukavilegeze vishikizo vilivyo ndani ya mwili wenye joto lake wenyewe.

Tena mawe yana bahati tofauti duniani. Kule Ufaransa, karibu na Meaux, Wakristo wa zamani walikwenda kulikalia jiwe la Mtakatifu Fiacre, mtawa wa karne ya 7 kutoka Ireland, wakiamini kwamba jiwe hilo ndilo linaloponya bawasiri. Kwao jiwe ni tabibu, kwetu ni mchawi. Nina hakika mgonjwa aliyepata nafuu huko na mgonjwa aliyezidiwa huku walikuwa na ushahidi wa aina moja: nilikaa, kisha nikasikia hivi.

Hata hivyo sitawaita watu wa kwetu wajinga, kwa sababu walichokiona ni cha kweli. Waliona mama anayeuza omena kando ya njia, anayekaa juu ya jiwe au dumu kuanzia alfajiri hadi usiku, na wakaona kwamba akina mama wa namna hiyo hulalamikia bawasiri. Macho hayakuwadanganya. Lakini mfuate mama huyo siku nzima, usimtazame alipokalia tu. Muulize amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi. Hanywi. Atakwambia waziwazi kwamba akinywa maji atataka choo, na akienda choo itabidi atafute mtu wa kumwangalizia meza, alipe shilingi 10, kisha akirudi akute wateja wawili wamehamia kwa jirani. Kwa hiyo anajikausha. Anajizuia hadi usiku, na usiku una mambo yake ambayo nitayafikia. Jiwe lilikuwepo, bawasiri ikawepo, ila jiwe lilikuwa shahidi tu. Tumemfunga shahidi.

Pilipili nayo ina kesi yake, na kesi hiyo imewahi kufika mahakamani kwa maana ya kupimwa. Mwaka 2006 madaktari wa Italia walichapisha jaribio walilofanyia wagonjwa 50 wa bawasiri. Kila mmoja alimeza kidonge cha pilipili kali kwa wakati mmoja, na kwa wakati mwingine kidonge kitupu kilichofanana nacho, bila kujua kipi ni kipi. Wakaulizwa juu ya maumivu, damu, uvimbe na mwasho. Pilipili haikuleta tofauti yoyote. Ila usikimbilie kachumbari bado. Mwaka 2008, nchini India, jaribio kama hilo lilifanyiwa watu wenye ufa, yaani mpasuko mdogo kwenye ngozi ya njia ya haja, na hao pilipili iliwazidishia uchungu.

Hapa ndipo mtu wa kibarazani anapoangushwa na mfano wake mwenyewe. Anakwambia, "Mimi nikila pilipili bawasiri yangu inawaka moto." Ndugu yangu, bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Sehemu inapokaa haina mishipa ya fahamu ya uchungu; hutoa damu kimya kimya, au huteremka ikarudi. Kinachokata kama wembe wakati wa haja na kuendelea kuwaka baadaye mara nyingi ni ufa, na ufa una dawa zake tofauti. Ipo bawasiri ya nje inayouma sana, pale damu inapoganda ndani yake na uvimbe wa rangi ya zambarau kutokea ghafla. Hiyo huuma vibaya siku mbili tatu, kisha huanza kutulia. Kwa hiyo mtu amekaa miaka mitano akijinyima pilipili kwa ajili ya ugonjwa asionao, na ule alionao haujawahi kutibiwa.

Kuna shtaka lingine ambalo husemwa kwa kunong'ona, nami nitalisema kwa sauti. Mwanamume akisikika ana bawasiri, kuna watu wanaokonyezana kuhusu analala na nani. Ugonjwa huu huwapata mababu, wajawazito, masista wa kanisani na vijana wa mjengo. Hausemi lolote kuhusu kitanda cha mtu. Mnong'ono huo haujamzuia yeyote kuugua. Umewazuia wengi kwenda hospitali.

Tukitoka vibarazani tunakuta toleo la wasomi la uongo huu, nalo huvaa suti: kwamba bawasiri ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri, Mwafrika anayekula vya shambani haumjui. Toleo hili lina chanzo cha heshima, kwa hiyo nitaliheshimu kabla ya kulipinga. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, na mwaka 1958 akaieleza saratani ya taya za watoto ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Baadaye yeye na Hugh Trowell, daktari aliyewahi kutumika Kenya na Uganda, walishika hoja ya nyuzinyuzi za chakula. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vya choo, kazi ambayo wasomi wengi wangeikwepa. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi. Mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 100 na kidogo, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Akahitimisha kwamba choo kidogo na kigumu ndicho mama wa bawasiri na maradhi mengine mengi ya Ulaya.

Kuhusu chakula sina ugomvi naye mkubwa. Nikiwa kwenye jiwe langu nawaona wanaosagisha mahindi pamoja na pumba zake wanavyopungua, na wanaobeba pakiti ya unga mweupe kutoka dukani wanavyoongezeka, maana mweupe ni ustaarabu na wa kusaga ni ushamba. Mboga kama apoth, dek na osuga zilizowalea wazazi wetu kule ziwani hapa zinauzwa kwa fungu dogo, halafu kuzichemsha kunakula makaa. Mandazi na chai hazidai moto wako. Nalielewa hilo.

Ugomvi wangu uko pale aliposema, na wafuasi wake wakakazia, kwamba Mwafrika wa kijijini karibu haugui bawasiri. Mpasuaji humwona anayemjia. Mzee wa kijijini, mwenye kinyama kinachoteremka mahali pasipotajika mbele ya mkwe, angesafiri hadi hospitali ya Mulago kumwonyesha Mzungu? Kutokuonekana hospitalini si kutokuwepo. Na mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Johanson na Sonnenberg, walipolinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa hawakuona kwamba kufunga choo peke yake ndiko kunakowatofautisha. Waliona kuharisha kunahusika. Wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila sababu. Lakini nani hapa Kisumu Ndogo, kwenye mabomba ya maji yanayopita ndani ya mitaro, atasema kuharisha ni mgeni kwake? Sisi tuna vyote viwili: wiki ya choo kigumu, wiki ya kukimbia.

Na kama kuchuchumaa kungekuwa kinga, kama watu wengine wanavyohubiri siku hizi, Kibera ingekuwa makao makuu ya afya ya makalio. Hapa tunachuchumaa sote.

Sasa twende mwisho wa kichochoro. Vyumba vingi vya Kisumu Ndogo havina choo. Kuna shimo moja la ploti linalogawanywa na familia nyingi, au choo cha kulipia, shilingi 5 au 10 kila ukiingia. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akienda mara moja tu kwa siku, ni shilingi 60 kwa bei ya juu. Hiyo ni sukuma wiki na nyanya. Mtu akihesabu hivyo anajizuia. Usiku choo cha kulipia hufungwa, na shimo la ploti linaweza kuwa mbali, kupitia gizani. Mwaka 2010 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa vitongoji duni vya Nairobi, ikiandika wanavyoogopa kubakwa wakienda choo usiku. Hakuna mwanamke wa hapa aliyehitaji ripoti hiyo kujua. Ndiyo maana mfuko wa plastiki ulipata jina la choo cha kuruka, nasi tukaonwa kuwa watu wachafu, si watu waliofungiwa mlango.

Kujizuia kuna matokeo mwilini. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Haja uliyoizuia saa tatu usiku haikungoji ilivyo. Utumbo unaendelea kuinyonya usiku kucha, na alfajiri ni kavu na ngumu. Alfajiri hiyo hiyo kuna foleni. Wa nyuma anagonga bati, mtoto wake amechelewa shule, na wewe huna tena nafasi ya kungoja mwili uamue. Unajikamua. Ukitoka unalipa. Fanya hivyo mwaka mzima, kisha uje uniambie kosa ni la jiwe.

Simu nayo imeanza kushtakiwa. Kuna utafiti wa Boston uliochapishwa 2025, wa watu 125, uliowaona wanaotumia simu chooni wakiwa na hatari kubwa zaidi ya bawasiri, kwa asilimia 46. Siku hizi kijana akionekana na simu anaonywa. Simu haina nguvu hiyo. Kinachohesabika ni dakika ambazo mtu amekaa juu ya tundu, mwili ukining'inia bila cha kuushikilia. Kijana wa hapa hana anasa ya dakika hizo. Sisi tunaumizwa na haraka.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira, na maji safi ya kutosha. Ukiniuliza sababu ya bawasiri mtaani kwetu nitakuonyesha ibara hiyo kwanza, kisha nikuonyeshe kufuli. Sidai kwamba kila mgonjwa wa Kisumu Ndogo ameugua kwa ajili ya choo. Hata mwenye vyoo vitatu kule Karen anaugua. Nadai kwamba tunapomwambia mgonjwa wa hapa abadilishe kiti, tumemwachia yeye mzigo wa kitu ambacho hakukijenga.

Wajawazito wana sura yao wenyewe katika habari hii. Mtoto anapokua tumboni hukandamiza mishipa, homoni za mimba hupunguza mwendo wa utumbo, na kliniki hutoa vidonge vya madini ya chuma ambavyo huwafunga wengi choo na kukifanya cheusi. Wanawake huambiwa na mama wakwe zao kwamba walikaa sakafuni, na wengine wakigundua kidonge ndicho kinachowafunga, hukitupa kimya kimya. Usikitupe, dada. Damu utakayoihitaji siku ya kujifungua inatoka humo. Mwambie muuguzi, kuna njia za kulainisha choo bila kuacha dawa.

Na sasa wale mabwana wa kwenye nguzo za stima. Unayajua mabango: daktari kutoka mbali, kila mara ni kutoka mbali, anatibu bawasiri, nguvu za kiume, kesi mahakamani na mpenzi aliyetoroka. Nisingejali kama wangemrudisha mpenzi tu. Ila kuhusu bawasiri wana hila ambayo huenda hata wao hawaijui: ugonjwa huu huja na kuondoka wenyewe. Damu hutoka siku nne, kisha hukoma majuma kadhaa, hata ukinywa maji ya chumvi au usinywe kitu. Anayeuza dawa siku ya nne atasifiwa siku ya sita. Jirani yangu mmoja, fundi viatu, alilipa mara tatu kwa kuponywa mara tatu. Mara ya tatu alipewa kitu cha kupaka "kukausha mzizi". Kiliunguza ngozi, na alikaa siku kadhaa akishona viatu kwa kusimama. Dawa kali ya namna hiyo inaweza kuacha kovu linaloibana njia, na hapo umeununua ugonjwa ambao hukuwa nao.

Wakati huohuo tiba halisi haina maajabu. Maji ya kunywa, mboga, unga wenye pumba zake, kutojikamua, kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi au kumi na tano. (Nakubali, katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu sita, beseni ni jambo la kupanga kama harusi.) Isipotosha, daktari anaweza kufunga mto uliovimba kwa mpira mdogo hadi unyauke na kudondoka, kazi ya dakika chache isiyohitaji kulazwa, na njia hiyo imetumika tangu miaka ya 1960. Kisu ni cha wachache.

Lakini haya yote ningeweza kuyavumilia, jiwe, pilipili, hata mabango, kama isingekuwa sentensi moja inayosemwa kwa upole na watu wanaotupenda: "Ah, hiyo ni bawasiri tu." Mtu ameona damu, ameambia mkewe, mke ameambia jirani, na kufikia jioni kichochoro kizima kimeshatoa jina la ugonjwa. Damu kwenye haja inaweza kuwa bawasiri. Inaweza kuwa ufa. Inaweza kuwa amiba au aina nyingine ya kuhara damu, au kichocho kwa aliyekulia ziwani. Inaweza pia kuwa saratani ya utumbo mpana, ambayo haijali kwamba una miaka 35 na unacheza mpira Jumapili. Bawasiri haigeuki kuwa saratani. Hofu hiyo nayo iondoeni. Saratani inachofanya ni kuliazima jina la bawasiri na kujificha nyuma yake, mwaka mmoja, miaka miwili, hadi tumbo livimbe. Jina tuliloipa sisi wenyewe, tukiwa tumekaa kwenye jiwe.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukifika kwenye kituo cha afya usiseme, "Daktari, nina bawasiri." Ukisema hivyo na foleni ni ndefu, unaweza kuandikiwa dawa ya kupaka ukaenda. Sema ulichokiona: damu, ilianza lini, ni nyekundu mbichi au nyeusi, inadondoka au imechanganyika na choo, umepungua uzito au la, haja yako imebadilika au la. Akitaka kukupima kwa kidole, kubali. Ni nusu dakika. Asipotaka, na damu inaendelea, muombe akupime.